Maji Mnayopiga Picha Ndiyo Tunayokunywa

Posta ya haiki ya wiki hii imenifikia kutoka kwa watu watatu tofauti. Kilimambogo na Fourteen Falls, siku moja, gari linatoka Archives saa kumi na mbili unusu asubuhi, Sh2,500 pamoja na kiingilio, chakula cha mchana na mpiga picha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: beba raba zenye meno, kofia, nguo za kubadilisha na lita 2 za maji ya kunywa.

Kwenye hizo lita 2 ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mnaenda mtoni. Mnaenda mahali ambapo maji yanaanguka mchana kutwa na usiku kucha, mengi kiasi kwamba lazima mpaze sauti ndiyo msikizane, na kila mtu anaambiwa abebe chupa kutoka mjini. Kwenye grupu watu waliuliza kama droni inaruhusiwa, kama kuna mtandao, kama mtu anaweza kuja na mpenzi wake kwa nusu bei. Kuhusu maji, kimya. Kimya kwa sababu kila mtu anajua. Tunajua vizuri kwamba hayanyweki, na tunajua kwa nini, ila tumeamua kwamba hilo si sehemu ya mandhari.

Mimi kwetu ni Kibwezi Mashariki. Huko hakuna anayeuita mto huo mandhari. Unaitwa Athi, na tunaunywa.

Nasema neno langu mapema ili asiyetaka kukasirika aishie hapa. Hakuna mtu wa Nairobi anayeenda kuutembelea Mto Athi. Sisi sote tunaokaa mjini tumeshafika huko, kila asubuhi, kupitia choo. Ukienda Fourteen Falls Jumamosi unakutana na mzigo wako wa Alhamisi. Na mzigo huo ukimaliza kupigwa picha haupotei. Unateremka Makueni na Kitui, kwa watu ambao hakuna aliyewatumia posta ya kuwaambia wabebe chupa. Anayepanga safari ya kwenda kutazama maji hayo bila kupanga lolote kuhusu maji yenyewe ana deni, na mimi nimekuja kulidai.

Tuufuate mto. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Unashuka Chiromo, unapita Globe na Gikomba, unapita Korogocho, unapita ubavuni mwa jaa la Dandora. Mto Mathare unauingilia na vya kwake. Mto Ngong unakuja ukiwa umeshapitia Kibra, Mukuru, viwanda vya Industrial Area na ploti za Embakasi. Kule Ruai kuna mabwawa makubwa ya kusafisha maji taka ya jiji, na kinachotoka humo, kiwe kimesafishwa vizuri ama vibaya, kinarudi mtoni. Halafu mto huo wote unamwagika ndani ya Athi, ambao nao umetoka upande wa Ngong kwa jina la Mbagathi na kupita mji wa Athi River na viwanda vyake. Hayo ndiyo maji yanayofika Fourteen Falls, mpakani mwa Kiambu na Machakos, chini ya Kilimambogo. Yanajigawa vijito, yanaanguka kwa vishindo, na kwa kuwa yamejaa sabuni, yakianguka yanatoa povu. Nimeona picha za maharusi waliosimama mbele ya povu hilo. Limetokea kama mawingu.

Sina ugomvi na vijana wanaoruka kutoka juu ya majabali kwa malipo, wala wenye mashua. Wako kazini, na wao ndio wa kwanza kupata vipele.

Ninachotaka mwone ni kwamba jiji hili lina pande mbili kwenye hesabu ya maji, na upande mmoja tu ndio unaozungumzwa. Maji ya bomba ya Nairobi kwa sehemu kubwa yanatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, kwenye miteremko ya Aberdare. Kila mara viongozi wa Murang'a husimama na kusema wanataka mgao, kwa sababu wanalipa jiji maji safi bure. Huwa tunawasikiliza, hata kama hatuwapi. Sasa nambieni: ikiwa wanaotoa maji safi wana haki ya kudai, wanaopokea yale machafu wadai nini? Mto Thika, unaojaza Ndakaini, kwa asili unaelekea Tana. Nairobi imeyatoa maji kwenye bonde moja, ikayatumia, ikayamwaga kwenye bonde jingine. Ni kama kuazima sufuria kwa jirani wa kulia na kumrudishia jirani wa kushoto ikiwa na masizi.

Baada ya Fourteen Falls posta zinaisha. Mto unaendelea. Unakunja kuelekea kusini-mashariki, unashika ubavu wa Yatta, ile nyanda ndefu iliyoachwa na lava, na kwa kilomita nyingi unakuwa mpaka: mkono wa kulia Makueni, mkono wa kushoto Kitui. Kwa asiyejua Ukambani ni lazima nieleze kwa nini mto huu ni wa maana kuliko mingine. Mito yetu mingi ni mchanga. Ukipita Januari ama Septemba utadhani ni barabara pana, na wengine huipita kwa nduthi. Maji yako chini. Watu wa Makueni na Kitui wamejenga mabwawa ya mchanga kwa miaka mingi: ukuta wa zege unakatiza mto wa msimu, mvua inaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha katikati ya chembe zake ambako jua haliwezi kuyafikia. Ndiyo sababu Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Mtu wa mjini akiona lori la mchanga anaona nyumba inajengwa; sisi tunaona kisima kimepakiwa.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema kwamba Ukambani hakuna maporomoko, hakuna maji, ni ukame tu na vichekesho vya watu kula githeri kila siku, mimi huchoka. Yako maji. Yanatunzwa na watu wanaojua kuyatunza. Na uko mto mmoja mkubwa usiokauka, wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana, na huo ndio mliougeuza mtaro.

Susu wangu, mama yake mama, ana shamba lisilofika ekari 2 karibu na mto. Hajui neno haiki, ingawa ametembea kuliko kilabu chochote cha haiki. Huujua mto kwa pua. Kiangazi kikikaza, Athi hupungua na kuwa na rangi ya chai iliyolala, na asubuhi kuna harufu ambayo watoto wameizoea hadi hawaitaji. Halafu kuna siku mbingu ya Kibwezi ni nyeupe, hakuna wingu, na mto unaanza kupanda. Maji ya kwanza ni meusi. Yanakuja na chupa za plastiki, viatu, nepi, wakati mwingine samaki waliokufa. Susu husema, "Nairobi wameoga." Wenye pampu huzima. Wanawake hawachoti mtoni siku hizo. Wanachimba shimo mchangani, hatua chache kutoka ukingoni, wanangoja maji yajichuje, wanayateka kwa kata mpaka mtungi wa lita 20 ujae. Punda mmoja hubeba mitungi minne. Hesabu muda wenu wenyewe.

Mchanga huchuja tope, na hupunguza vijidudu. Kuchemsha huua vijidudu vilivyobaki. Lakini watafiti waliopima mito ya Nairobi mara kwa mara wamekuta pia madini mazito, kama risasi, na simaanishi ya bunduki, ni ile ya betri kuukuu. Risasi haichemki ikaondoka. Dawa ya maji haiiui kwa sababu haina uhai. Ukichemsha sufuria mpaka ipungue nusu, umeongeza ukali wake tu. Mama aliyefanya kila kitu alichofundishwa na mhudumu wa afya, akachota, akachuja, akachemsha, akafunika, bado anampa mtoto kitu ambacho si yeye aliyekiweka humo.

Na msidhani kinaishia kwake. Kandokando ya Athi, Kibwezi na upande wa pili kule Kitui Kusini, watu wanalima nyanya, vitunguu, bamia, tikiti. Pampu inavuta maji mtoni, maji yanaingia mashambani, mazao yanapanda lori. Mengine yanaenda Kongowea, Mombasa. Mengine yanarudi Nairobi, Marikiti na Muthurwa. Ile kachumbari iliyoandikwa kwenye posta, ya kula na pilau baada ya haiki, sitaapa imetoka wapi. Lakini nyanya hazijui posta.

Sasa kuna jambo kubwa zaidi ya shamba la Susu. Tangu mwaka 2018 serikali inajenga bwawa la Thwake, mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, kwa pesa za umma na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ukuta wake ni wa karibu mita 80, na likijaa litashika zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Linganisha na Ndakaini, ambalo ndilo tegemeo la Nairobi: kama milioni 70. Thwake limepangwa linyweshe Makueni, Kitui na sehemu za Machakos, limwagilie mashamba, litoe umeme, na jiji jipya la Konza nalo lina fungu lake. Kwetu watu wamezaa watoto wakisubiri bwawa hilo. Mimi mwenyewe ninalitaka.

Lakini ndani yake mtaingia nini? Mto unaokimbia angalau unahama na uchafu wake. Bwawa linakaa nao. Tope linazama pamoja na yale madini, mbolea ya vinyesi inabaki juu ikilisha magugu. Kama hamwamini, hamna haja ya kusafiri. Nendeni Nairobi Dam, pale kati ya Lang'ata na Kibra. Lilijengwa mwaka 1953, watu wakawa wanashindana kwa mashua za tanga humo. Leo mgeni anaweza kudhani ni uwanja wa nyasi, kwa jinsi magugu yalivyolifunika. Hilo ni bwawa dogo lililoharibiwa na mto mmoja mdogo. Thwake ni mdomo wa jiji zima. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekwisha kuonya kuhusu ubora wa maji yatakayoingia humo. Viongozi wa Makueni wamelalamika hadharani miaka nenda miaka rudi. Nairobi imesikia kama mtu anavyosikia king'ora cha gari la jirani usiku: anangoja kizimwe.

Najua majibu yenu, nimeshayapata yote kwenye grupu.

La kwanza ni kwamba utalii wa ndani unasaidia wenyeji. Sawa. Unasaidia wenyeji wa pale kwenye kiingilio. Kilomita moja chini ya maporomoko hakuna anayelipwa chochote, na ndiko mto unakoenda.

La pili ni kwamba hii ni kazi ya serikali, mimi sina kiwanda. Hili ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni kweli serikali ina kazi yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 43 kinataja maji safi na salama. Wananchi wawili walienda kortini kuhusu Mto Nairobi na Mto Athi, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikakubali kwamba haki imekiukwa na kuamuru hatua zichukuliwe. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri alianza kuusafisha mto pale mjini, na ile bustani yenye jina lake ipo. Mwaka 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Sheria ipo, hukumu ipo, tume ipo. Kinachokosekana ni watu wa kuwasumbua wenye hizo ofisi kila wiki, na watu hao hawawezi kutoka Kibwezi peke yake. Susu hapigi kura Nairobi. Nyinyi mnapiga.

Nusu ya pili si kweli. Nakaa Pipeline, ghorofa ya sita, na kwa miaka miwili nilisikia harufu ikipanda kila usiku wa mvua. Nikamuuliza msimamizi wa ploti bomba letu la choo linaishia wapi. Akacheka, akidhani namtania. Nikauliza tena. Akanipeleka nyuma ya jengo, akaninyooshea kidole mtaro wa maji ya mvua. Ghorofa nane, kila ghorofa vyumba kumi na viwili. Mtaro unaenda Mto Ngong. Kodi yetu hukusanywa tarehe tano bila kukosa, na kwenye risiti kuna sehemu ya "maji na taka". Nilimwandikia mwenye ploti barua, majirani kumi na wanne wakatia sahihi, akatujibu kwa kuongeza kodi. Tumeandika ya pili na safari hii nakala imeenda kwa kaunti. Hapo ndipo tulipo. Sitasema tumeshinda, lakini sasa ghorofa nzima inajua choo kinaenda wapi, na kuna mmoja wa Mutomo aliyenyamaza kwa muda mrefu baada ya kuhesabu.

Kwa hiyo usiniambie huna kiwanda. Ploti ya watu mia tatu isiyo na bomba halali ni kiwanda. Lori la kunyonya choo linalomwaga mtoni usiku wa manane ni kiwanda kinachotembea, na kuna mtu kwenye jengo lako aliyelichagua kwa sababu ni la bei rahisi.

Jibu la tatu ndilo la kijanja: basi tuachane na Fourteen Falls, twende Ukambani kuliko safi. Karibuni sana. Pandeni Nzambani pale Kitui, zile ngazi za chuma zitawatoa jasho, na mkizunguka jiwe mara saba mtajua wenyewe kama hadithi ya kubadilika jinsia ni ya kweli. Pandeni Nzaui, Mbooni, Kilungu. Nendeni Chyulu. Lakini msije kwetu kwa kukimbia uvundo mliouleta. Huko ni kuhama chumba kwa sababu umekichafua, na kumwachia mwingine akipige deki.

Mwaka 2024 watu wa umri wetu waliuchukua Mswada wa Fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuweka video kila mahali mpaka nchi nzima ikajua nini kimeandikwa wapi. Wengine hawakurudi nyumbani. Sitaki mtu aniambie kizazi hicho hakiwezi kuuliza ramani ya maji taka ya mtaa wake. Vilabu vya haiki vina maelfu ya wafuasi, madereva, wapiga picha, wasimamizi wanaojua kukusanya watu hamsini kabla ya jua kuchomoza. Vyama vingapi vina nguvu hiyo? Dai moja tu lingetosha kuanzia: matokeo ya vipimo vya maji ya Athi yatangazwe wazi kila mwezi, kuanzia Ruai hadi Thwake, kwa lugha ambayo mama anayechota anaielewa. Bila hayo, kila mtu ataendelea kupima kwa pua.

Na kama bado mnataka safari, ninayo ya siku mbili. Jumamosi tunaanzia daraja la Gikomba saa moja asubuhi, tunautazama mto dakika kumi bila kuziba pua. Tunaenda Ruai, tunaona nje ya mabwawa. Tunafika Fourteen Falls saa sita. Pigeni picha, sikatazi, ila na povu liwemo. Tunalala Wote. Jumapili tunashuka mpaka Kibwezi, tunashika ile barabara ya lami inayoenda Mutomo na Kitui, mpaka daraja la Athi. Mnashuka garini hapo. Asiyeweza siku mbili apande treni ya kawaida, inasimama Kibwezi, atukute stesheni. Gharama tutagawana, mpiga picha hatuhitaji. Kila mtu abebe jembe ama sepeto na mtungi mtupu wa lita 20. Ya kunywa msibebe. Tutachimba mchangani kama wanavyochimba wengine, na kila mmoja atajaza wake na kuubeba hadi juu kwa Susu, kama dakika arobaini kwa mguu. Asubuhi ndiyo nzuri, kabla mamba hawajatoka kuota jua.